Redio peke yake haikumfundisha mama

Wiki mbili zilizopita msikilizaji mmoja wa Mbagala, hapa Dar es Salaam, alipiga simu studio baada ya kipindi chetu kwisha. Kijana wake yuko chuo, na chuo kimetangaza kwamba muhula ujao masomo mengi yatatolewa kwa njia ya intaneti, wanafunzi wakiwa majumbani kwao. Mzee huyo hakuwa na ugomvi na intaneti. Alikuwa na swali moja tu. "Mwanangu," alisema, "wewe ni mtu wa redio, kila siku unaongea na watu usiowaona. Hebu niambie kweli, mtu anaweza kufundishwa na mtu asiyemwona?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ada haikupunguzwa hata senti.

Nilimwomba muda. Jibu nimelisoma hewani Jumapili iliyopita, na ndilo hili mnalolikuta hapa ukurasani.

Kwanza niseme kwamba swali la mzee wa Mbagala ni la zamani kuliko kompyuta. Mtu wa Afrika Mashariki alianza kusomea nyumbani, mwalimu akiwa ng'ambo ya bahari, tangu enzi za mkoloni. Vyuo vya Uingereza kama Wolsey Hall, kilichoanzishwa mwaka 1894, vilikuwa vikituma masomo kwa meli ndani ya bahasha, na makarani na walimu wetu wakajibu maswali usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, wakatia stempu, wakangoja. Tom Mboya wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa bwana afya wa Jiji la Nairobi mchana, na usiku alikuwa mwanafunzi wa chuo cha posta cha Afrika Kusini. Hakuwa na njia nyingine. Mlango wa darasa ulipokuwa umefungwa kwa Mwafrika, bahasha ilipita chini ya mlango.

Huko huko Afrika Kusini yuko mfano mkubwa zaidi. Nelson Mandela alisoma sheria kwa posta akiwa mfungwa, na shahada yake ya sheria aliipata Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, kifungo chake kikiwa bado hakijaisha. Watu wakimtaja husema, "Unaona? Mtu anaweza kusoma peke yake hata jela." Lakini wafungwa wenzake wa kisiwa cha Robben wamesimulia mara nyingi kwamba walikuwa wakifundishana wao kwa wao kwenye machimbo ya chokaa, aliyejua historia akimfundisha asiyejua, sululu zikiwa mikononi. Karatasi zilikuja kwa posta. Mabishano yalikuwa machimboni. Naomba tukumbuke mabishano hayo, maana nitayarudia.

Sasa turudi nyumbani. Wasomaji wenye umri wa kutosha hawajasahau mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya. Kabla yake Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu mambo madogo madogo: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971 taifa lilipotimiza miaka 10 ya uhuru. Mtu ni Afya ilikuwa kubwa kupita zote hizo. Kwa wiki 12 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi kuhusu malaria, kichocho, kuhara damu na vyoo, na watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Sisi watu wa redio tunapenda sana kuitaja namba hiyo. Nimeisikia kwenye semina nyingi, ikitolewa kama ushahidi wa nguvu ya kipaza sauti. Namba tusiyoitaja ni nyingine: viongozi wa vikundi waliofundishwa kabla kampeni haijaanza walikuwa wapatao 75,000. Sabini na tano elfu! Wananchi hawakusikiliza kila mmoja chumbani kwake. Walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, kisha redio ikazimwa. Kazi ilianza hapo redio ilipozimwa. Walibishana kama kweli mbu ndiye mwenye kosa, wakaulizana ni nani hana choo, na wakatoka na uamuzi wa nini kifanyike wiki hiyo. Majani yakafyekwa, madimbwi yakafukiwa, vyoo vikachimbwa. Ni vigumu mtu kukaa bila choo akiwa ameulizwa mbele ya jirani zake.

Mtindo wenyewe hatukuubuni sisi. Wakulima wa Canada walikuwa na vikundi vya kusikiliza redio tangu mwaka 1941, wakikutana kwenye nyumba za jirani wakati wa baridi kali, na kutoka huko mtindo ulifika India katika miaka ya 1950 na baadaye Afrika. Lakini sidhani kama kuna mahali palipoubeba kwa ukubwa ule wa 1973.

Hapo nafika kwenye jambo linalonihusu mimi binafsi, na mniwie radhi kama nitakawia.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuwepo. Madarasa yangejengwa kwa nguvu za wananchi, na yakajengwa. Walimu je? Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingelaza wanachuo sakafuni. Ikaamuliwa kwamba vijana waliomaliza darasa la saba wachukuliwe, wapewe madarasa ya kufundisha huko huko vijijini, na wasomee ualimu wakiwa kazini: kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kusimamiwa na mratibu wa elimu wa kata. Mwisho wake walikwenda chuoni kwa wiki chache, wakafanya mitihani. Kuanzia mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya vijana 35,000 wakawa walimu kwa njia hiyo.

Mmoja wao ni mama yangu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1976, kwenye kijiji kimoja cha Njombe, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 17, alisimama mbele ya watoto ambao baadhi yao walikuwa wakimpita kimo. Asubuhi alifundisha. Mchana alichota maji, akapika. Jioni alifungua vijitabu vyake.

Nchini kote vijana hao walipewa jina. Wazungumzaji hodari wa mjini waliichukua UPE, herufi tatu za mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wakaigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu." Watu wakacheka. Mimi nimezaliwa mwaka 1981, nimekua nikilisikia neno hilo, na nakiri kwamba nilipokuwa sekondari nililicheka pamoja na wenzangu bwenini, bila kumwambia mtu yeyote kazi ya mama yangu. Ni aibu ambayo sijaimaliza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwandishi wa habari, nilimuuliza alijifunzaje. Nilitegemea atanisimulia juu ya redio, maana mimi ndiye mtoto wa redio ndani ya nyumba. Alisema vipindi vilikuwa vizuri, ila betri zilikuwa zikiisha, na wakati mwingine mawimbi yalikuwa hayashikiki kwa sababu ya milima. Aliyemsimulia zaidi ni mratibu. Mratibu huyo alikuwa na baiskeli na kata nzima ya kuzungukia. Akifika, alikaa nyuma ya darasa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu, akatazama. Baada ya kipindi alifungua andalio la somo, akauliza: hapa umeandika watoto watajua kugawanya, wewe umejuaje kwamba wamejua? Mama alisema swali hilo lilimkosesha usingizi. Lilikuwemo ndani ya kijitabu vilevile, alikwisha kulisoma mara mbili, lakini hakulisikia mpaka lilipotoka kinywani mwa mtu aliyekaa mbele yake akingoja jibu.

Na kila Jumamosi ya pili walikutana, walimu wanafunzi wa shule tatu za jirani, wakasahihishiana kazi kabla ya kuzikabidhi. Wanne walikuwa dhaifu kwenye hesabu, mmoja alikuwa hodari, wakamtegemea yeye. Wote watano walihitimu.

Mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu, ile yenye makao yake Paris, ilitoa utafiti uliowalinganisha walimu wetu wa njia hii na wale waliokaa chuoni muda wote. Utafiti ule haukuithibitisha dharau ya mitaani. Tofauti haikuwa kubwa kama watu walivyokuwa wakiapa. Utani, hata hivyo, hausomi tafiti, na mama alistaafu mwaka 2020 bado kuna mzazi aliyemwita mwalimu wa yupii.

Nisije nikaeleweka kwamba namsifia mama ili nisifie mpango mzima. Kulikuwa na kata ambako mratibu hakuwa na baiskeli, au alikuwa nayo na haina tairi. Kulikuwa na vijitabu vilivyofika mtihani umekwisha. Na hao waliopewa bahasha bila mtu wa kuwafuatilia ndio, kwa maoni yangu, waliolipatia lile jina la utani chakula chake.

Wenye ujuzi wa fani yetu walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1974 huko Nicaragua wataalamu walianza kufundisha hesabu za shule ya msingi kwa redio, na ujanja wao ulikuwa mdogo lakini wa maana: mtangazaji anauliza, kisha ananyamaza, watoto darasani wanajibu kwa sauti, kisha anaendelea. Kenya walijaribu mtindo huo kwa somo la Kiingereza kuanzia mwaka 1980. Zanzibar, mwaka 2006, ukaja mpango uliozaa vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo waliokuwa hawajafikiwa na shule za maandalizi. Redio iliimba, ikauliza, ikanyamaza. Lakini kando ya redio alikuwepo mtu mzima, mara nyingi mkazi wa hapo hapo kijijini, wa kutazama nani anaruka na nani amejificha nyuma ya mwenzake. Redio haina macho.

Hili nililijua kwa kichwa. Kwa mwili nilikuja kulijua mwaka 2020.

Machi 17 mwaka huo shule zetu zilifungwa kwa ajili ya Corona. Vyuo vikuu na kidato cha sita vilifunguliwa Juni 1, wengine wote Juni 29. Ukilinganisha na wenzetu, tulipata likizo fupi: Kenya watoto wengi walirudi Januari 2021, na Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022, karibu miezi 22, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Kila mahali serikali zilikimbilia kwetu. Masomo yakawekwa kwenye redio na televisheni, na waliokuwa na uwezo wa bando wakasomea kwenye simu.

Nami niliombwa kusaidia kusoma masomo ya hesabu ya darasa la nne. Nilifanya kama nilivyofundishwa: swali, kimya cha sekunde tano, jibu. Ndani ya studio sekunde tano ni ndefu kama msiba. Nilikuwa nikiutazama ukuta na kujiuliza ni nani anajibu huko nje, au kama kuna anayejibu kabisa.

Jibu nililikuta nyumbani. Binti yangu alikuwa darasa la nne mwaka huo huo. Nilirudi alasiri moja nikamkuta mbele ya redio, sauti ya baba yake ikimuuliza robo tatu ya 80 ni ngapi. Alikuwa akisuka nywele za mwanasesere. Sauti ya baba yake ikanyamaza sekunde tano, ikamwambia, "Vizuri sana! Jibu ni 60." Hakuinua hata kichwa.

Mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya kustaafu. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Alikuja taratibu, akaizima redio, akavuta kigoda. "Huyo baba yako kasema vizuri sana. Vizuri sana nini? Umefanya nini wewe?" Mtoto kimya. "Niletee maharage themanini." Walihesabu maharage sakafuni mpaka magharibi. Tangu siku hiyo ratiba ikawa hivyo: kipindi kinasikilizwa na bibi pamoja na mjukuu na binamu yake aliyekuwa akiishi nasi, redio inazimwa, maharage yanamwagwa. Shule zilipofunguliwa mwalimu wake alisema mtoto huyu hakurudi nyuma kwenye sehemu za hesabu. Nilitaka kusema ni kipindi changu. Nikanyamaza.

Na wangapi hawakuwa na bibi mwalimu? Nyumba ngapi mama alikuwa sokoni tangu alfajiri, baba kwenye bodaboda, simu moja ya familia ikiwa mfukoni mwa baba? Kwa nyumba hizo masomo ya hewani yalipita juu ya paa kama ndege ya abiria.

Watu wa mjini wataniambia kwamba intaneti si redio. Ni kweli. Mwanafunzi anaweza kumwona mwalimu, anaweza kuuliza na kujibiwa papo hapo. Anaweza. Ila nimezungumza na vijana wa vyuo wanaofungua somo kwenye simu janja, wanafunga kamera kwa kuogopa bando kuisha, wanaandika jina lao kuonyesha wamehudhuria, kisha wanakwenda kufua. Mwalimu anafundisha majina 90 yaliyoandikwa kwenye kioo. Sasa nani anamwona nani?

Nisiwe mwepesi wa kuwahukumu vijana hao. Mwaka 2008, nikiwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari na kiburi kiasi, nilijiandikisha kusomea shahada kwa njia ya masafa kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwaka wa kwanza nilikwenda vizuri, kwa sababu tulikuwa watatu pale kazini tukisoma usiku baada ya taarifa ya saa mbili. Mmoja akahamishiwa Mwanza, mwingine akapata kazi nyingine. Mwaka wa pili nilibaki mimi na bahasha. Sikuanguka mtihani. Niliacha tu kufungua bahasha, na hakuna aliyegundua kwamba nimeacha, hata mimi mwenyewe kwa miezi kadhaa.

Wapo wengi waliomaliza. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kimewapa shahada askari, wauguzi, akina mama wenye watoto wachanga na walimu wa vijijini ambao kamwe wasingeweza kuacha kazi wakae bwenini miaka mitatu. Wala mimi si mtu wa kulipigia darasa magoti. Nimeingia madarasa yenye watoto zaidi ya 100, mwalimu mmoja, chaki moja. Mtoto aliyekaa ukutani kabisa nyuma anasomea mbali kuliko kijana wa Mbagala mwenye simu. Mwalimu hajui jina lake. Huyo naye ni mwanafunzi wa masafa, ila hajaandikishwa hivyo.

Kwa hiyo mzee wangu wa Mbagala, jibu langu ni ndiyo, mtu anaweza kufundishwa na mtu asiyemwona, na mama yangu ni shahidi. Lakini kabla hujalipa ada hiyo isiyopunguzwa, nenda chuoni, au mtume kijana aulize. Kazi ya mwanafunzi inasahihishwa na nani, na inarudi baada ya siku ngapi? Akikosa masomo wiki mbili, ni nani atakayempigia simu? Je, wamewapanga wanafunzi wa Mbagala, Chamazi na Kijichi wakutane mahali wasome pamoja, au kila mmoja ameachwa na kioo chake? Kama chuo kina majibu, kijana akae nyumbani asome, na nauli ya daladala mtakuwa mmeiokoa. Kama hawana majibu, wanachokuuzia ni bahasha.

Jumamosi usiku, kabla ya kwenda hewani, nilimpigia mama simu Njombe nikamsomea rasimu ya maoni haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Niliuliza kama nimekosea mahali. Alisema miaka nimeipatia, ila yule mratibu sijamtendea haki, kwa sababu nimesema tu kwamba alikuwa na baiskeli. Masika barabara ya kile kijiji ilikuwa haipitiki. Alikuja vilevile, suruali imekunjwa hadi magotini, baiskeli ameibeba begani, madaftari ya walimu wanafunzi ameyafunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya shati.